Kondoa: Hakuna Hoja

Kamati ya tathmini tuko watano, Mtumba, ghorofa ya tatu,
na wazabuni watatu nje kwenye benchi,
kila mmoja kapakata sanduku lake
kama mzazi anayengoja daktari wa watoto.

Wa kwanza katoka Dar kwa treni ya usiku, bado anang'aa.
Kamera yake inamfuata msemaji.
Akisema Mhasibu, inamgeukia Mhasibu;
akikohoa Mwanasheria, inamgeukia Mwanasheria;
upepo wa Julai ukagonga dirisha,
ikageukia dirisha, ikatulia hapo,
ikatuonyesha vumbi la Ihumwa punje kwa punje.
Tulicheka. Lakini nilimwona Mwenyekiti
anapangusa kipara, anakaa sawa:
keshajiona kwenye skrini ya inchi themanini na sita.

Wa pili hana maneno. Ana bei.

Mimi ndiye katibu wa vikao. Kuna jambo nataka niliseme
ambalo halimo kwenye fomu ya alama.
Mwaka mzima, kila Jumanne ya kwanza,
nimekaa kiti hiki cha karibu na soketi
nikimwona Bi Zaituni wa Kondoa pale ukutani,
mdomo unakwenda, sauti haiji,
au inakuja imesagika kama mlenda mkavu kiganjani:
"...pampu... mara ya tatu... watu wa bondeni... naomba..."
"Tunakusikia kwa mbali, Kondoa," anasema Mwenyekiti.
"Tuletee kwa maandishi."
Nami kwenye muhtasari naandika:
Kondoa: hakuna hoja.
Juzi nilihesabu. Mara kumi na moja.
Mara ya kumi na mbili hakutokea,
nikaandika: hakuhudhuria, bila taarifa.

Wa tatu ni Ndahani, mwenye duka Barabara ya Saba.
Sanduku hakulifungua.
Alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja.
Kofi likaenda kwenye kioo, likarudi kwenye marumaru,
likapanda darini, likatushukia vichwani.
"Mmesikia?" akasema. "Mmejenga pango.
Hata niwaletee maiki ya dhahabu,
Kondoa watasikia pango."

Akataja anachotaka: mapazia mazito. Zulia.
Maiki mbili juu ya meza, si moja ukutani.
Waya wa intaneti wa chumba hiki peke yake.
Na kamera ya kawaida, "isiyogeuza shingo,
maana picha ikikatika kikao kinaendelea,
sauti ikikatika mmebaki mnatazamana."

Mwanasheria akauliza kama pazia ni kifaa cha mawasiliano.
Swali la haki. Tulikaa nalo dakika arobaini,
chai ikapoa, karanga zikaisha.
Fungu la mapazia liko kwa Utawala,
fungu la kamera liko kwetu,
na kamera inayogeuka ina alama tisini na moja.

Nikaomba jaribio moja tu:
kila mmoja ampigie Kondoa.

Akatokea Bi Zaituni, nyuma yake kalenda ya mwaka jana.
Hakujua kwamba ni majaribio. Sikuwa nimemwambia.
Kwa mzabuni wa kwanza tuliona hata uzi
uliochomoka kwenye ushungi wake. Sauti: pango.
Kwa wa pili, kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Kwa Ndahani, aliyeziba kioo kwa blanketi mbili
alizozitoa kwenye pikapu yake,
picha ilikuwa na ukungu
na sauti ikaingia nzima, pamoja na jogoo wa jirani:

"Mtumba, mnanisikia?"

Tukatazamana. Mwenyekiti akainamia maiki,
akasahau kamera iko upande gani.
"Tunakusikia, Kondoa. Sema."

Akanyamaza kidogo,
kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega
kumbe haukufungwa.
Kisha akaanza na pampu.

Nilijaza kurasa nne.
Mapazia bado yanajadiliwa.